Mkono Uliochemsha Mpunga

Lukongo ni kijiji cha nyumba arobaini hivi, kwenye njia ya Kibombo, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli yenye mzigo ukitokea Kindu. Watu wake wanalima mpunga tangu enzi za mababu, na wana desturi yao. Mwezi wa tisa, mvua zikishafunguka, hakuna anayetia mbegu shambani kwa kujipendea. Wanawake hukaa pamoja wakamchagua mmoja wao, na huyo ndiye anayefungua mashamba yote ya kijiji. Anatoboa shimo la kwanza kwa ncha ya jembe, anadondosha punje tano, anafukia kwa kisigino, ndipo wengine wanaingia. Mwanamke huyo wanasema ana mkono wa kuotesha. Mkono huo hauombwi wala haununuliwi. Unaonekana wenyewe: mtu anatupa mbegu ya boga nyuma ya jiko likaota, anachomeka kijiti cha muhogo kikashika, mpaka siku moja wenzake wanasema, huyu njo mkono wetu, ndiye.

Odile aliolewa Lukongo akiwa na miaka kumi na tisa, na alipofika ishirini na mbili tayari alikuwa amepewa kazi hiyo. Haikuwahi kutokea kwa mke aliyetoka kijiji kingine. Aliyemwachia ni mama mkwe wake, Geneviève, aliyefungua mashamba miaka mingi kabla yake.

Wengine wangejivuna. Odile aliingiwa na hofu. Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto, mtu anayetoka nyumbani akarudi mara mbili kuangalia kama moto umezimwa kweli. Kila alipofungua mashamba, siku sita zilizofuata hakula vizuri mpaka aone ncha za kijani zimetoboa udongo. Zilitoboa kila mwaka. Ndipo anapumua, anacheka, anakula kwa mikono miwili.

Mpunga waliolima uliitwa kiungwana, kwa sababu wazee walisema ulikuja na Waungwana wa zamani waliotoka pwani. Punje zake zilikuwa ndefu, na ukiuinjika, jirani wa nyumba ya tatu anajua leo kwa fulani kuna wali.

Kisha vita vikafika. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili. Mji wa Kindu ulizungukwa, garimoshi lilinyamaza, watu wa mjini hawakuweza kutoka kulima na watu wa vijijini hawakuweza kuingia kuuza. Wenye bunduki walipita Lukongo, leo hawa, kesho wale, na wote walijua kitu kimoja: mbegu hutundikwa juu ya meko, kwenye moshi. Walianza kuzitungua. Basi wanawake wakashusha masuke yaliyobaki, ya nyumba tisa tu, wakayapukuchua, wakatia mbegu yote katika gunia moja. Walilibeba mpaka kwa Odile.

"Mama Yvette," Geneviève alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake, "ukiikimbiza wewe, itaota."

Mwishoni mwa mwezi wa nane wakakimbilia msituni, zile familia tisa, ng'ambo ya kijito kisicho na jina. Okito, mume wa Odile, hakuwapo. Alikuwa Kalima akichimba kasiterite, mawe ya bati, na vita vilikuwa vimemkatia njia ya kurudi. Odile alibeba gunia la mbegu kichwani, na mgongoni mtoto wake Yvette, wa miaka mitatu. Geneviève alibeba gunia la pili, la mpunga wa kula. Magunia hayo yalilingana kama mapacha.

Mvua ziliwahi mwaka ule. Zilinyesha siku tatu bila kupumua, na majani waliyoezekea yakavuja. Siku ya nne Odile aliingiza mkono katika gunia la mbegu akasikia joto. Mpunga uliolowa hupata homa kama mtu. Akaingiza mkono katika gunia la chakula. Humo punje zilikuwa zimeanza kutoa vidomo vyeupe.

Bibi yake mzaa mama alikuwa amemwonyesha dawa ya jambo hilo. Mpunga wa kula ukilowa usiutupe. Utie chunguni na maganda yake, uchemshe mpaka ganda lifunue mdomo kidogo, kisha uanike. Hautaota tena kamwe, ila hautaoza, na utalika. Odile akafanya hivyo kwa gunia la chakula, chungu kwa chungu. Mbegu hakuigusisha moto. Aliianika tu.

Mkeka mkubwa ulikuwa mmoja, na saa ya kuanika ilikuwa fupi, asubuhi tu, jua likianza kupenya ukungu ambao bado uliwaficha. Leo waliweka mbegu, kesho mpunga uliochemshwa. Vyote vikishakauka, jicho haliwezi kuvitenga. Ganda ni lile lile. Ule uliochemshwa labda umepauka kidogo, kama nguo iliyofuliwa mara moja zaidi. Odile aliliona hilo mapema, na kila alipomaliza kuanika alifunga fundo la kekele, ile kamba ya porini, kwenye shingo ya gunia la mbegu.

Asubuhi ya tisa risasi zililia karibu na kijito. Vyote viwili vilikuwa nje, mbegu juu ya mkeka, chakula juu ya majani mapana kando yake, na Yvette alikuwa na homa tangu jana. Odile alizoa hiki, akazoa kile, akafunga fundo huku macho yake yakiwa kwa mtoto, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kukakamaa. Walikimbia mpaka jua la mchana. Mtoto alipona. Kwa hilo Odile alimshukuru Mungu maisha yake yote, hata katika miaka ambayo hakuwa na kingine cha kushukuru.

Huko walikojificha mara ya pili waliishi kwa mizizi ya porini na gunia la chakula.

"Mama Yvette, tukule ya gunia gani?" Geneviève aliuliza.

"Ile haina fundo, Mama."

Wakatwanga, wakala. Siku moja Geneviève, akipepeta, alisema kama anayejisemea, "Mpunga uliochemshwa hauvunjiki. Huu mbona chenga tupu?"

Odile alisikia. Wakati huo alikuwa akimnywesha Yvette maji kwa jani, tone kwa tone. Hakujibu, na Geneviève hakuuliza tena.

Mwisho wa mwezi wa tisa njia ikatulia kidogo, wakarudi. Nyumba nyingi hazikuwa na milango, mashamba yalikuwa yameota magugu, lakini gunia lenye fundo lilikuwapo, limejaa. Walifyeka kwa siku nane. Odile alifungua mashamba tisa kwa mkono wake, kuanzia lile la Geneviève mpaka la jirani yake Bibiche, mwanamke wa rika lake mwenye ulimi mkali na kicheko kikubwa. Baba yake Bibiche, mzee Ayoubu, alikaa ukingoni juu ya gogo, amebaki ngozi na mifupa, akawaambia, "Mimi nitangoja wali."

Siku ya sita hakukuwa na kitu. Siku ya nane hakukuwa na kitu. Siku ya kumi Odile alipiga magoti akafukua shimo. Punje ilikuwa nyeusi na laini, na alipoibonyeza ikatoka uji. Akafukua la pili, na la tatu. Ndipo yale maneno ya Geneviève kuhusu chenga yalipomrudia.

Angeweza kusema ni ndege, au ni panya, au ni uchawi wa adui. Watu wangeamini, maana wakati wa vita watu huamini chochote. Akawaita wenzake kwenye kiwanja cha kutwangia akasema, "Fundo nililifunga kwenye gunia silo. Tumekula mbegu. Tumepanda chakula."

Bibiche akasema, "Baba yangu anangoja wali, Odile."

Mzee Ayoubu alizikwa mwezi wa pili, wakati ambao wangekuwa wanavuna. Msimu ule Lukongo waliishi kwa sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na mihogo iliyochimbwa kabla ya wakati wake.

Baada ya hapo hawakumfukuza. Walimpa jina. Alipopita kisimani mtu angesema, "Mama Chemsha huyo," na wengine wangecheka, na miaka ilivyopita wakacheka hata wale ambao hawakujua tena kisa chake. Kazi ya kufungua mashamba ilirudi kwa Geneviève. Vita vilipokwisha waliomba mbegu kule Kibombo, mpunga mfupi, wenye wali mzito usionukia, na kila mwezi wa tisa walimwomba Odile abaki nyumbani apike mpaka mbegu yote ifukiwe.

"Si kwa ubaya, Mama Yvette," walimwambia. "Lakini mukono yako usiguse mbegu ya muntu."

Odile alipika. Okito aliporudi kutoka Kalima akataka kwenda kugombana na watu. Odile akamshika shati. "Wamesema kweli," alimwambia. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho hakikuwa cha kugombaniwa. Alitaka siku moja waje wenyewe wamwite.

Kuna jambo ambalo hakulisema kwa mtu. Wiki ile ya aibu, alipokuwa akipanga vitu vilivyotoka msituni, aliona ule mkeka mkubwa. Mkeka uliosukwa vizuri hula punje. Zinaingia katikati ya mishono zikakwama. Aliukunguta na kuuchokonoa kwa mwiba siku nzima, akapata punje arobaini na tatu. Nyingine bila shaka zilikuwa zimechemshwa, nyingine hazikuchemshwa, na jicho haliwezi kuzitenga. Basi akakata jani la mgomba, akalilowesha, akazilaza punje ndani, akafunga, akaliweka kivulini karibu na meko. Siku ya nne alifungua. Kumi na moja zilikuwa zimetoa ncha nyeupe.

Kumi na moja. Alizipanda nyuma ya jiko, akazizungushia miiba, akawa anawafukuza kuku kwa mawe kama kichaa. Mwaka uliofuata alikuwa na kikombe cha mbegu. Mwaka wa tatu alikuwa na kibuyu. Kiungwana kilikuwa hai, nyuma ya jiko la Mama Chemsha, na kila mwaka alijaribu kumpa mtu, na kila mwaka mtu huyo alitabasamu akauliza, "Umeshachemsha ao bado?"

Ikapita miaka kumi na saba. Nywele za Odile zikaanza kuwa na majivu. Yvette, yule wa miguu kukakamaa, akaolewa Kindu, mtaa wa Mikelenge. Wanawake wa Lukongo nao wakachoka kumuuzia mpunga kila mpita njia kwa bei anayotaka yeye. Waliungana, wakamweka Bibiche mbele, maana ulimi wake ulikuwa umepata kazi inayoufaa. Walikusanya mpunga pamoja, wakaupakia kwenye baiskeli za watoleka, wale vijana wa kubeba mizigo, ukaenda kukobolewa kwa Assani, mwenye mashine kule Kindu.

Walirudi na huzuni kila mara. Mpunga wao ulitoka mashineni umevunjika vipande vipande. Assani, mtu mpole mwenye vumbi la pumba hadi kwenye kope, aliwaambia, "Bamama, mimi ninakoboa, sivunji. Mpunga yenu inakuja kavu na nyufa zake." Mama wa mjini walipitisha vidole katika chenga zile wakaenda kununua mchele wa magunia unaotoka ng'ambo ya bahari. Chenga zilinunuliwa na wafuga kuku.

Odile alikuwa katika umoja huo, kwenye kupepeta tu. Alijua dawa ya nyufa. Kila mwaka alichemsha kidogo kiungwana chake ndani ya nyumba, mlango umefungwa, akakitwanga, na hakikuvunjika hata punje. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliogopa hata harufu ya mpunga unaochemka isije ikatoka dirishani.

Mwezi wa kwanza mwaka ule baiskeli kumi na nne zilitoka Lukongo zimebeba mavuno ya umoja mzima. Siku hiyo hiyo mvua ilibeba magogo ya daraja la njiani. Watoleka walikaa ukingoni siku mbili, magunia yakinyeshewa, kisha wakageuza. Walipoingia kijijini maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye magunia, na Bibiche alipofungua la kwanza, mvuke ukampiga usoni.

"Imekwisha," alisema, akaketi chini. "Kesho itaota. Kesho kutwa itanuka. Imekwisha."

Wanawake wengine walianza kulia. Odile alisimama nyuma na ungo wake. Aliingiza mkono katika gunia lililokuwa karibu, akasikia lile joto analolijua. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu kwa mvua. Akafikiria siku alipokuwa akimnywesha mtoto maji kwa jani, akasikia neno, akanyamaza.

"Haijaisha," alisema. "Tuichemshe."

Mtu mmoja akacheka kwa pua.

Bibiche aliinua kichwa taratibu. "Mama Chemsha. Unataka utumalize mara ya pili?"

"Mara ya kwanza tulipanda kilichochemshwa," Odile alijibu. "Leo hakuna anayepanda. Hii ni ya kula, na iko inakufa. Nipeni gunia moja tu, Yaya Bibiche, dada yangu. Likiharibika, chukueni mpunga wangu wote wa nyuma ya jiko."

"Ule wa kuku?" mtu alisema, wakacheka tena, safari hii kidogo.

Geneviève alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mzee sasa, fimbo kati ya magoti. Akaigonga chini. "Nyinyi munacheka nini? Yale mawili kando ya baiskeli njo yangu. Apewe moja."

Walikata pipa katikati, wakaliinua juu ya mawe matatu. Maji hayakuhitajika mengi. Mpunga ulikuwa umeshakunywa mvua. Odile hakumwachia mtu mwiko. Alichutama kando ya moshi akiangalia punje mpaka maganda yakafunua midomo, akaamuru wapakue, wamwage kwenye mikeka kivulini.

"Jua lile pale, wewe unaanika kivulini?" Bibiche aliuliza.

"Jua kali la ghafla linaupasua. Kwanza kivuli, kesho jua la asubuhi. Ukiuma punje ikalia *tak*, njo tayari."

Geneviève alikuwa amesogea karibu na moto. Wengine walipokwenda kuteka maji, Odile alimwambia bila kumtazama, "Mama, kule msituni ulisema mpunga unavunjika. Nilikusikia. Nilinyamaza kwa sababu ya mtoto."

Bibi kizee alisukuma kuni motoni kwa fimbo yake. "Na mimi nilijua," alisema. "Nimetwanga mpunga tangu sijaota maziwa. Niliposhika zile chenga nilijua ni mbegu. Nilikuwa na njaa, mwanangu. Nikasema moyoni, labda nimekosea, wacha tule leo. Nikala. Kisha nikakuacha wewe ubebe jina peke yako."

Odile alishika mwiko kwa nguvu. Miaka kumi na saba ilipita kichwani mwake, yote pamoja, na visima vyake na vicheko vyake. Alitaka kusema neno kali, na neno lilikuwapo, limeiva. Akatazama ile mikono ya kizee iliyokunjamana juu ya fimbo.

"Maji yanapungua pipani, Mama," alisema. "Sogea, moto usikuunguze."

Gunia la kwanza lilipokauka Bibiche mwenyewe alilitwanga, ili asidanganywe. Alipepeta, akatulia, akapepeta tena. Akachukua punje akaiweka juu ya ukucha. Ilikuwa nzima, bila ufa, yenye rangi ya asali iliyochanganywa na maji.

"Wachemshe yote," alisema. "Haraka! Munangoja nini?"

Walichemsha siku tatu mfululizo. Na hapo Odile aliweka sharti lake, la kwanza tangu aolewe Lukongo. Hakuna gunia la mpunga uliochemshwa litakaloingia ghalani bila alama. Alichovya kiganja katika mawese akakibandika juu ya gunia. Kikabaki kiganja chekundu chenye vidole vitano. "Fundo hufunguka," aliwaambia. "Mafuta hayatoki."

Daraja lilipotengenezwa alikwenda Kindu pamoja na mzigo. Assani alifungua mashine, akatia debe la kwanza, akasimama kando na uso wake wa siku zote. Mchele ukaanza kushuka. Akazima mashine.

"Imeharibika?" Odile aliuliza.

"Hapana, mama." Assani alikuwa ameingiza mikono yote miwili ndani ya mchele kama mtu anayenawa. "Ninatafuta chenga. Ziko wapi chenga?"

Aliyeng'amua kabla ya wote alikuwa Mama Francine, mwenye malewa karibu na stesheni, jiko lililolisha wapagazi, wauguzi na kila mwenye njaa ya mchana. Alinunua debe moja kwa majaribio, akarudi kesho yake amevaa bado kitambaa cha jikoni. "Nani alileta mchele hii? Wewe? Mama, nimepika sufuria ile ile, imenijazia sahani za ziada! Haishikani, haiozi mpaka jioni. Watu wananiuliza nimebadilisha mupishi." Akapunguza sauti. "Usimuuzie mwengine kabla yangu. Nitajua."

Kiangazi cha mwaka ule kilipofika, wanawake wa mjini hawakuuliza tena mchele wa Lukongo. Waliuliza, "Ule wa mukono umefika?" Walitafuta kiganja chekundu kwenye gunia kabla ya kufungua pochi. Mapipa yakawa manne. Bibiche alisimamia zamu za kuchemsha kwa ulimi wake wote, na mkazi wa kijiji jirani alipothubutu kusema kwamba mpunga wa kuchemsha ni wa wagonjwa, alimjibu, "Basi Kindu yote inaumwa. Wanakula, wanaongeza."

Kulibaki jambo moja. Mchele wa mpunga mfupi wa Kibombo ulikuwa mzima sasa, lakini haukunukia. Mwezi wa tisa, mvua zilipofunguka, wanawake walikutana kwenye kiwanja cha kutwangia, na Odile, kama miaka yote, aliondoka akawashe moto wa kupika.

"Unakwenda wapi?" Geneviève alimwita kwa nguvu. "Rudi hapa, Mama Yvette."

Mzee alisimama kwa fimbo yake, mbele ya kila mtu, akasema kile alichosema kando ya pipa. Hakupunguza neno. Alisema nilijua, nilikula, nilinyamaza. Alipomaliza alimgeukia Bibiche. "Baba yako alikufa kwa njaa yetu sote. Si kwa mukono ya huyu."

Bibiche akainuka, akamwendea Odile, akasimama mbele yake. "Ule mpunga wa nyuma ya jiko," alisema. "Bado unanukia?"

"Unanukia."

"Tupandie. Wote. Fungua wewe."

Odile hakulia. Aliogopa mno hata asiweze kulia. "Kwanza tuulaze," alisema.

Alileta vibuyu vyake vyote, mbegu ya kutosha mashamba yote, akahesabu punje mia, akazilaza katika jani la mgomba mbichi mbele ya wote, na jani likawekwa nyumbani kwa Bibiche, si kwake. Siku ya nne walilifungua. Zilizotoa ncha nyeupe zilikuwa tisini na sita. Tangu siku hiyo, Lukongo hakuna anayepanda bila kulaza mbegu kwenye jani siku nne; hata wakwe wageni hufundishwa hilo kabla ya kuonyeshwa kisima.

Akafungua mashamba. Yalikuwa mengi kuliko zamani. Kwenye kila ukingo alitoboa shimo kwa ncha ya jembe, akadondosha punje tano, akafukia kwa kisigino, na nyuma yake wanawake waliingia wakiimba. Katika shamba la Bibiche lilikuwapo bado lile gogo la mzee Ayoubu, limeoza nusu. Bibiche alilipangusa kwa kanga yake, akaliacha wazi, kama kiti cha mtu anayetarajiwa.

Siku tano Odile hakula vizuri.

Siku ya sita, jua likichungulia, alikwenda shambani kwa Bibiche peke yake, akitembea haraka, akijiambia asikimbie. Alimkuta mtu ameshachutama katikati ya mistari. Alikuwa Geneviève, fimbo imelazwa kando, kanga imelowa umande mpaka magotini.

"Mama! Umekuja hapa peke yako? Je, ungeanguka?"

"Nilitaka nikutangulie," alisema mzee. "Nilisema, kama haijaota, nikae hapa, wakija wanikute mimi kwanza."

Odile hakuthubutu kutazama chini. "Na sasa?"

Geneviève aliinua uso wake wenye meno matatu, ukiwa umejaa kicheko. "Sasa angalia unapokanyaga, mwanangu. Unaivunja."

Odile akatazama. Kushoto na kulia, mstari kwa mstari mpaka kwenye lile gogo, ncha za kijani zilikuwa zimetoboa udongo, kila moja na tone lake la umande. Alisimama kwa mguu mmoja, kama kuku, akitafuta mahali pa kuweka wa pili, na hakupata.